Mpangaji Wetu na Maelezo ya Geti

Jina lake silitaji kwa sababu sikumwomba ruhusa, na mtu aliyekaa miaka yote akiandika habari za ruhusa si wa kumfanyia hivyo. Nyumbani tulimwita Mpangaji. Mama alimwita hivyo hata usoni, "Mpangaji, chai ipo," naye aliitika kama ndilo jina alilobatiziwa. Alipanga chumba chetu cha mbele, kile chenye mlango wa kutokea barabarani, nikiwa bado shule ya msingi. Nilipomaliza kidato cha nne alikuwa bado yupo.

Mimi ni mtu wa aibu, nasema ukweli. Mgeni akinisalimia, jibu linafika kooni halafu linageuza. Mama huwaambia watu, "Msimsubiri huyo, nitawajibu mimi." Kwa hiyo mengi ninayoyajua juu ya Mpangaji niliyapata kwa kukaa karibu naye nikimenya viazi, si kwa kumuuliza.

Mtaani kwetu hapa Bariadi hakuna aliyeielewa kazi yake. Kwanza walidhani ni karani wa kununua pamba, lakini msimu wa pamba ukaisha, malori yakaondoka, na yeye hakuondoka. Baadaye muuza mkaa wa kona akasema huyo ni mtu wa usalama, maana haiwezekani binadamu ashinde ndani na kompyuta, acheke peke yake, na bado ale nyama. Mpangaji alipoambiwa alifurahi sana. Akawa akipita kwenye mkaa anavaa miwani ya jua na kumwambia yule mzee, "Endelea na kazi, nimekuona."

Kazi yenyewe ni hivi, kama nilivyokuja kuielewa. Siku hizi kuna akili mnemba ambazo hazikai zikisubiri maswali. Unazituma, zinakwenda kufanya: zinasoma ujumbe wako, zinawajibu wateja, zinaagiza mzigo, zinafuta mafaili. Kazini kwake walikuwa wametengeneza programu ya kukaa katikati, kama mlinzi wa getini. Akili mnemba ikitaka kufanya jambo, geti linaangalia: huyu ameruhusiwa hili? Kama ameruhusiwa, anapita. Kama amekatazwa, anarudishwa. Kama haijulikani, geti linamuuliza mwenye simu. Mpangaji hakuitengeneza hiyo programu. Yeye aliiandikia maelezo kwa Kiswahili: namna ya kuiweka kwenye simu, namna ya kupanga nani aruhusiwe nini, na la kufanya ikigoma.

Wakubwa wake walikuwa mbali, akiongea nao kwenye kompyuta. Na nilipokuwa kidato cha nne wakamletea neno. Walitaka kujua kama maelezo ya Kiswahili yana faida. Mtu asiye wa kazini angeyasoma na kuweka geti peke yake, wao wakimtazama. Akiweza, maelezo yanabaki na Mpangaji anaendelea. Akishindwa, mashine itatafsiri yale ya Kiingereza, na yeye atahamia Dar es Salaam akafanye kazi nyingine ofisini. Mimi sikutaka ahame. Naliandika hili mapema ili mtu asije akadhani ninaandika kwa sababu ya kupenda kompyuta.

Alikuwa na maneno anayoyachukia kama watu wengine wanavyochukia nyoka. La kwanza lilikuwa "tu." Akilikuta kwenye maandishi ya wenzake, anapiga meza mpaka Mama anatoka jikoni.

"Kuna nini tena?"

"Mama mwenye nyumba, wameandika 'bonyeza tu hapa!'"

"Sasa?"

"Sasa asiyeona pa kubonyeza atajionaje? Si atajiona mjinga? Umemwambia ni jambo dogo, na yeye limemshinda."

Mama akasimama na mwiko wake, akafikiri. "Hata padri husema hivyo. 'Salini tu.'"

"Umeona!"

La pili lilikuwa "rahisi." Kila alipoliona aliandika pembeni, kwa herufi kubwa, KWA NANI? Nilipofanya mtihani wa majaribio wa hesabu, mwalimu wetu alituambia kwamba mtihani ni rahisi. Nikajikuta nimeandika swali lilelile juu ya karatasi yangu, kwa herufi ndogo. Nilimwonyesha Mpangaji hiyo karatasi, na alicheka mpaka akashika ukuta. Alama zangu hazikumchekesha. Alinikalisha chini, tukarudia hesabu zote.

Lakini sasa nieleze na upande wa pili, maana nisiposema Mama atasema. Kwa mtu aliyeandika kurasa na kurasa juu ya kuomba ruhusa, Mpangaji hakuwa na hodi hata chembe. Aliingia jikoni kwetu kama upepo, akafunua sufuria, akaonja mboga, akatoa hukumu: "Chumvi bado." Alichukua kanga ya Mama kwenye kamba akaenda nayo sokoni. Alifungua redio yetu na kubadilisha stesheni wakati watu wamekaa wanasikiliza.

Mama akamuuliza siku moja, "Mpangaji, hilo geti lako, kwako mwenyewe mbona hujaliweka?"

"Liko matengenezoni, Mama mwenye nyumba."

"Miaka yote hiyo?"

"Vipuri vinatoka mbali."

Na jambo jingine. Yeye aliyeishi kwa kuandika maelezo, hakuwahi kusoma maelezo ya mtu mwingine. Alinunua lile jiko la umeme la kupikia wali, karatasi ya maelezo akaitupa kitandani kwangu, akamimina mchele na maji moja kwa moja kwenye jiko bila kuweka ile sufuria yake ya ndani. Kulitokea mlio kama wa paka aliyekanyagwa, na umeme ukazimika nyumba nzima. Alikuja na uso umejaa moshi. Nikamwonyesha karatasi, mstari wa kwanza kabisa, na picha ya sufuria.

"Imeandikwa vibaya," alisema.

Hakuwa ameisoma. Mpaka leo sijui kama aliisoma.

Namna yake ya kufanya kazi ilikuwa kusoma kila sentensi kwa sauti mbele ya mtu ambaye jambo hilo halimhusu. Mtu huyo mara nyingi alikuwa Mama, ambaye alisikiliza huku akichambua mchele na kujibu bila huruma. "Hapo umesema mara mbili." "Hapo nimesinzia." Mwanzoni Mpangaji alikuwa akiziita zile akili mnemba "mawakala." Mama akauliza vibanda vyao viko wapi, maana kwetu wakala ni yule wa kutolea pesa kwenye simu. Mpangaji akarudi chumbani, akabadilisha neno hilo kila mahali, likawa "msaidizi." Ilimchukua mchana mzima, na hakununa.

Kwangu alikuja na njia nyingine. Zamani alikuwa akinisomea kisha anauliza, "Umeelewa?" Nami ninatikisa kichwa kwamba ndiyo. Kila siku ndiyo. Siku moja akaweka kompyuta chini.

"Mdogo wangu, wewe unatikisa kichwa kama ng'ombe anayefukuza nzi."

Nikaona aibu, nikatikisa tena.

"Ona! Haya, kosa ni langu. 'Umeelewa' si swali, ni mtego. Nani atakubali kwamba hajaelewa? Shika simu. Nionyeshe."

Tangu hapo hakuniuliza tena. Alinipa simu na ukurasa, kisha akaangalia vidole vyangu, uso hakuutazama kabisa. Kidole kikisita, anaandika. Kikirudi nyuma, anaandika. Ukweli ni kwamba nilipenda sana kuangaliwa vidole. Usoni ningekufa.

Sasa habari ya mwenye duka la pembejeo. Huyu ni baba mnene, mwimbaji wa besi kanisani, anauza mbegu na dawa za pamba karibu na soko. Alikuwa amejiwekea msaidizi kwenye simu ili awajibu wakulima. Kijana wake alipokaribia kupata kipaimara, akamwagiza yule msaidizi: alika watu kwenye sherehe. Msaidizi akafungua majina yote yaliyomo kwenye simu akawaalika wote. Wateja wa kijijini Kasoli. Mawakala wa dawa kutoka Mwanza. Askari wa usalama barabarani. Fundi aliyemkorofishia pikipiki. Na jirani yake wa shambani, waliyekuwa wanagombania mpaka na hawasalimiani.

Wote walikuja. Kwetu mtu akialikwa anakuja, na akija hafukuzwi. Wa kwanza kufika alikuwa yule jirani wa mpaka, amevaa shati la Jumapili, ameshika jogoo wa zawadi.

Siku ya pili yake mwenye duka alikuja kwetu akihema.

"Nilimwambia aalike watu, Mpangaji. Watu! Si dunia!"

"Ulimruhusu nini, baba?"

"Kila kitu. Si msaidizi wangu?"

"Ulimruhusu kusoma majina?"

"Ndiyo."

"Na kutuma ujumbe?"

"Ndiyo. Sasa nikimzuia huyo msaidizi atanisaidia nini?"

"Na chakula kilitosha?"

"Tulichinja tena! Mke wangu mpaka sasa hasemi na mimi." Halafu akatulia, akajikuna shingo. "Ila yule wa mpaka… tumekula naye sahani moja. Amesema tutapima upya mpaka baada ya mavuno. Sijui nikasirike au nifanyeje."

Mpangaji alimwekea geti kwenye simu palepale, akamwonyesha kwamba ruhusa ya kusoma majina ni kitu kimoja na ruhusa ya kuwaandikia wote ni kingine. Mwenye duka akauliza kama geti linaweza kuachwa wazi kidogo kwa ajili ya watu waliokosana. Mpangaji alimwambia hilo halijatengenezwa bado, ila atalipeleka kazini. Na kweli alilipeleka. Walimjibu kwa picha ya mtu anayekuna kichwa.

Kile kisa cha mwaliko alikitumia baadaye kama mfano wa majaribio katika maelezo yake. Lakini moyo wa maelezo hakuupata dukani. Aliupata Kasoli kwa babu yangu, siku nilipompeleka.

Kwa Wasukuma kuna jambo linaitwa kubilisa. Mtu mwenye ng'ombe wengi humwekea mwingine baadhi, akae nao kwake, awatunze. Mpangaji alikuwa amesikia habari hiyo juujuu, akataka kuijua sawasawa, maana alisema inafanana na kumpa msaidizi vitu vyako. Tulimkuta babu na bibi uani wamekaa juu ya turubai, wanachambua pamba, nyeupe huku, yenye uchafu kule. Hatukupewa viti, tulipewa pamba.

"Mwadila, baba," Mpangaji alimsalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila, mayo," alijibu babu, yaani mama. "Hiyo uliyoshika ni chafu, usiweke huku."

Aliuliza maswali yake huku akichanganya pamba vibaya na bibi akiitenganisha upya nyuma yake.

"Ukiwekewa ng'ombe, unaruhusiwa nini bila kuuliza?"

"Maziwa nakunywa. Samadi naweka shambani. Nalimia," alisema babu. "Ndama akizaliwa ni wa mwenyewe, nampelekea habari. Kuuza, hapana. Kuchinja, hapana. Kutolea mahari, hilo hata usiote."

"Na akifa?"

"Nampelekea ngozi. Bila ngozi atasema nimemla." Akamtazama Mpangaji. "Na hiyo mashine yako ikifuta kitu cha mtu, ngozi inaonyesha wapi?"

Mpangaji aliacha kuchambua. Geti lilikuwa na sehemu inayoandika kila lililofanyika, nani aliomba nini na alijibiwa nini. Alikuwa ameieleza katika sura ndefu ambayo hata Mama aliisinzia. Nilimwona anatabasamu peke yake, nikajua ile sura imepata kichwa kipya.

"Swali la mwisho, baba. Ukimpelekea mwenye ng'ombe habari, unaomba ruhusa, na yeye asijibu?"

Hapo babu akawa na kazi nyingi sana ya pamba.

"Mjibu mgeni," alisema bibi.

"Inategemea."

"Haitegemei! Mwambie dume la shemeji yako."

Babu akakohoa. "Nilikuwa na dume la shemeji yangu wa Malampaka. Bei mnadani ikawa nzuri sana. Nikamtumia habari kwa mtu: dume lako niliuze? Akanyamaza. Nikangoja, akanyamaza. Nikasema, asiyekataa amekubali. Nikauza."

"Alikuwa amenuna!" bibi alirusha pamba juu. "Alinuna tangu harusi ya mdogo wake, hakuwa anajibu hata salamu. Anafika, dume hakuna!"

"Nikalipa," alisema babu kwa upole. "Mtamba mwenye mimba. Na nikakalishwa chini mbele ya ukoo mzima."

"Na huyo mtamba alikuwa wangu," alisema bibi. "Na mimi hakuniuliza."

"Ulikuwa umenyamaza," alisema babu.

Tulicheka mpaka pamba safi na chafu zikachanganyika. Jioni Mpangaji aliandika sentensi ambayo alisema ndiyo bora kuliko zote alizowahi kuandika: *Kama huna uhakika, acha. Usipojibu, geti halifunguki.* Hakuijaribu sentensi hiyo kwenye simu. Aliamini ndivyo programu inavyofanya, kwa sababu aliona ndivyo inavyopasa kufanya. Na Kasoli kila mtu angeamini hivyohivyo, akiwemo babu, baada ya kulipa.

Jaribio lilifika nikiwa nyumbani nasubiri matokeo ya kidato cha nne. Mpangaji alipaswa kutafuta msomaji. Angeweza kumchukua mwenye duka, ambaye angeimba mbele ya kamera bila wasiwasi. Alinichagua mimi. Nilikataa kwa kutikisa kichwa, na safari hiyo haikuwa nzi.

"Wewe ndiye unayesoma kila neno," aliniambia. "Wengine wanaruka. Nataka asiyeruka."

"Nikiharibu utahama."

"Ukisoma ulivyozoea, hakuna utakachoharibu. Mimi ndiye mwandishi."

Tukakaa. Kwenye kompyuta kulikuwa na nyuso kadhaa, na kiongozi wao alikuwa kijana wa Dar mwenye miwani, mpole tu, anaita kila mtu "dada." Kamera yetu ilielekezwa kwenye mikono yangu na simu ya majaribio. Mpangaji alikatazwa kusema, kuonyesha wala kukohoa. Alikaa kwenye kigoda nyuma yangu, ncha ya kanga mdomoni.

Nilianza. Ukurasa wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. Niliweka geti, nikaandika msaidizi aruhusiwe nini, akatazwe nini. Nyuma yangu nilisikia kanga inatafunwa. Halafu simu ikatoa swali: *Msaidizi anaomba kutuma mwaliko kwa watu wote walioko kwenye orodha. Ruhusu au kataa?*

Watu wote ni nani? Sikuwajua. Nikarudi kwenye maelezo, nikasoma: kama huna uhakika, acha. Nikaacha. Nikaweka mikono magotini.

"Dada, upo?" aliuliza kijana.

Nilitikisa kichwa, lakini kamera ilikuwa inaangalia mikono.

"Naona amekwama," alisema kwa wenzake, na nikamwona anaandika. Nilitaka kusema sijakwama, nimeacha. Jibu likafika kooni.

Ndipo simu yake ikalia mezani kwake. Kisha ya mwenzake. Kisha za wote, moja baada ya nyingine, kwenye kila kidirisha. Walikuwa ndio wao walioko kwenye orodha. Dada mmoja akasoma kwa sauti, "Unakaribishwa kwenye sherehe ya kipaimara cha kijana wetu." Akainua macho. "Kipaimara cha nani?"

Wakacheka. Kijana wa miwani naye alicheka, si kwa ubaya. "Sawa, hapa tumejua. Ukikaa bila kujibu, geti linaruhusu, ili kazi isisimame. Watu hawapendi kuulizwaulizwa. Maelezo ndiyo yamekosea. Tutaandika kwamba usipojibu kwa muda, inahesabiwa umekubali. Jaribio limeshindikana hapo, lakini asante dada, umejitahidi."

Nyuma yangu kigoda kililia. Sikugeuka. Najua kwamba kama ningegeuka nikamwona uso, ningelia. Nilifikiri chumba cha mbele kitupu.

"Mimi sikusema ndiyo," nilisema.

Sauti ilitoka ndogo. Kijana akasogea kwenye kompyuta. "Samahani?"

"Sikusema ndiyo."

"Lakini hukusema hapana."

"Nilikuwa nasoma. Maelezo yameniambia nikiwa sina uhakika niache, nikaacha. Nimefanya yaliyoandikwa, yote. Hilo geti ndilo halikufanya. Kwetu mtu amekuwekea ng'ombe, ukamuuliza, akanyamaza, huuzi. Anaweza kuwa mgonjwa. Anaweza kuwa amenuna. Babu yangu aliuza. Alilipa mtamba."

"Mtamba ni nini?" aliuliza yule dada.

"Ng'ombe jike ambaye hajazaa," nilisema. "Huyo alikuwa na mimba. Na alikuwa wa bibi."

Sijawahi kuongea maneno mengi hivyo mbele ya watu nisiowajua. Kijana alivua miwani akaifuta. Hakusema nimeshinda wala nimeshindwa. Alisema, "Hebu tukalijadili hili," na nyuso zikazimika.

"Naruhusiwa kuongea sasa?" aliuliza Mpangaji, ingawa hapakuwa na mtu wa kumzuia.

"Nimekuharibia?"

Alitoa kanga mdomoni, imelowa. "Umeniharibia usingizi," alisema. "Kazi bado hatujui." Kisha akaenda jikoni kwetu bila hodi na akamaliza matobolwa yote ya Mama kwenye ndoo, viazi vikavu vya kungojea masika, akivitafuna kimoja kimoja kama mtu anayehesabu dhambi.

Hawakujibu wiki ile. Hawakujibu iliyofuata. Matokeo yangu yakatoka, nikapangiwa kidato cha tano Maswa, shule ya bweni. Siku ya kuondoka Mpangaji alinifungia sanduku vibaya, likafunguka stendi, na tukaokota nguo zangu mbele ya abiria wote. Alinishika bega. Hakusema utanikuta wala hutanikuta. Bwenini simu haziruhusiwi, kwa hiyo kila jioni nilipokuwa nafua nilijiuliza kama chumba cha mbele kina mtu.

Jumamosi moja tuliruhusiwa kwenda mjini kununua sabuni. Nilikuwa natembea nyuma ya wenzangu, kama kawaida yangu, nikasikia kile kicheko kinatoka kando ya barabara kwa mafundi seremala. Alikuwa amesimama karibu na lori dogo. Nikajua tu: anapita kwenda Shinyanga, kutoka hapo Dar.

"Mdogo wangu!" Akanikumbatia mbele ya watu, kitu ambacho mimi sikipendi, na siku hiyo nilikipenda. "Njoo haraka, huyu fundi ananidanganya."

"Sijadanganya mtu," alisema fundi, kijana mwenye penseli sikioni.

"Unahama?" nilimuuliza.

"Nani ahame? Wamelirekebisha geti lao. Sasa usipojibu, limefungwa. Maelezo yangu hawajagusa hata nukta." Akasema hivyo kama mtu anayetaja bei ya nyanya, kisha akageuka asione ninavyomtazama. Mbele yake kulikuwa na kitanda kipya, cha mbao nyekundu, kimepigwa msasa vizuri. "Nanunua hiki."

"Kile cha kwako kimevunjika?"

"Kile cha kwangu kipi? Miaka yote nalala na godoro chini." Alisema polepole kidogo. "Nilikuwa nasema, mtu wa kuitwa leo kesho atabeba kitanda wapi?"

Sikujua. Yeye anafahamu hata chumvi ya mboga zetu, na sisi hatukuwahi kuingia upande wa nyuma ya pazia lake.

Fundi akaanza kufunga kamba. "Dada, kitanda imara hiki, tupakie, dereva anataka kuwahi Bariadi."

"Ngoja." Mpangaji akanigeukia. "Lala."

"Hapa?"

"Hapa. Mimi nikilala nitasema kizuri, kwa sababu nakitaka. Lala wewe."

Wenzangu walikuwa wamerudi, wamesimama na sabuni zao. Dereva alikuwa anaangalia. Mama mmoja muuza dagaa aliweka beseni chini ili aone vizuri. Nikavua viatu, nikapanda, nikalala chali juu ya mbao tupu na sketi yangu ya shule, kando ya barabara ya Maswa, jua usoni. Watu wakacheka. Nikajigeuza kulia, nikajigeuza kushoto. Sikuharakisha.

"Kinalia," nilisema. "Huku kushoto, karibu na miguu."

"Hakilii!" alisema fundi.

Nikajigeuza tena ili asikie.

"Kirekebishe, mdogo wangu," Mpangaji alimwambia fundi, na akakaa kwenye gogo, akanyoosha miguu kama mtu asiye na safari. "Nitakilalia mpaka nizeeke."

Fundi akachukua nyundo. Nilibaki nimelala huku anagonga chini yangu, na waliopita walinisalimia pale kitandani, nami nikawa nawaitikia, mmoja mmoja.